Mkahawa wa Jibini Tupu: Somo kwa Wenye Mikarafuu



Katika mkutano wetu wa mwisho wa msimu, kijana mmoja, mwana wa mwanachama mwenzetu, alisimama akaomba ruhusa ya kusema. Alisema amekusudia kufungua mkahawa mjini, na kila kitakachopikwa humo, tangu chai ya asubuhi mpaka pilau ya usiku, kiwe na karafuu ndani yake. Akaomba Chama kimkopeshe nusu ya mtaji. Mzee wetu mmoja akamjibu, "Mwanangu, karafuu huuzwa kwa gunia, haiuzwi kwa kikombe." Watu wakacheka, na kijana akaketi.

Tumeona si haki mtu kujibiwa kwa kicheko mahali panapotakiwa hesabu. Kwa hiyo Kamati imetutaka tuandike somo juu ya jambo hili, ili mkutano ujao uamue kwa maarifa. Nasi tulipotafuta mfano wa kufundishia tuliona hapana ulio bora kuliko ule wa jibini. Ziko nchi ambako watu wamefungua mikahawa isiyopika ila jibini, na iko nchi moja ambako wenye maziwa walifanya mengi zaidi ya hayo: waliwafundisha watu wa nchi yao yote, kisha watu wa ng'ambo, kula kile walichokuwa nacho ghalani. Soma taratibu, kisha utuambie unaonaje.

1. Chama cha jibini cha Uswisi

Uswisi ni nchi ya milima na majani, na mazao yake makubwa ya kilimo ni maziwa. Maziwa hayangoji, kwa hiyo tangu zamani waliyageuza jibini, ambayo hukaa miezi na hata miaka. Gurudumu moja la jibini ya Emmental huweza kuwa na uzito wa kilo 75 mpaka 120. Gurudumu la Gruyère lenye kilo 35 hutaka maziwa litri 400 hivi. Mkulima mdogo mwenye ng'ombe kumi hawezi kulitengeneza peke yake wala kulisafirisha peke yake, ndiyo maana watu hawa walizoea ushirika.

Mwaka 1914, vita kuu ya kwanza ilipoanza, kiliundwa Chama cha Jibini cha Uswisi. Chama hicho kilikuwa na nguvu nyingi. Kilinunua jibini kwa bei iliyopangwa, kikaiuza nje, kikaamua aina gani zitengenezwe na kiasi gani. Aina zilizopendelewa zilikuwa chache tu, hasa Emmental, Gruyère na Sbrinz. Mkulima alijua bei yake mapema akalala usingizi.

Lakini bei iliyopangwa haiwezi kumlazimisha mtu kula. Jibini ilikuwa ikijaa, na wanunuzi wa nje wakipungua. Ndipo katika miaka ya 1930 Chama kilipopata shauri. Katika sehemu za magharibi za nchi hiyo, wasemako Kifaransa, palikuwa na chakula kiitwacho fondu: jibini iliyoyeyushwa chunguni, watu huchovya vipande vya mkate humo kwa uma ndefu. Chakula chenyewe ni cha zamani. Namna ya kupika jibini kwa divai ilikwisha pigwa chapa katika kitabu cha Zürich mwishoni mwa karne ya 17. Ila hakikuwa chakula cha nchi nzima. Chama kikakitangaza kuwa ndicho chakula cha taifa, cha Waswisi wote, wa lugha zote. Baada ya vita kuu ya pili, mgao wa vyakula ulipokoma, Chama kiliendelea na kazi hiyo, hata kikapeleka vyungu na uma za fondu kwa vikosi vya askari na kwa waandaaji wa sherehe. Kijana aliyekula fondu jeshini alirudi kwao akitaka fondu nyumbani.

Angalia basi walichochagua. Hawakusema "Nunueni jibini." Walitafuta chakula ambacho nyumba moja ikikipika hutumia karibu kilo moja ya jibini kwa jioni moja, nacho huliwa na watu wengi wakizunguka chungu kimoja. Sisi tuliozoea sinia moja twafahamu nguvu ya jambo hilo: mtu hali peke yake, na akialikwa leo, kesho hualika yeye.

2. Mikahawa iliyofuata

Chakula hicho kilivuka bahari. Mjini New York, katika mkahawa ulioitwa Chalet Suisse, mwenyewe Konrad Egli alianza mwaka 1956 kuwapa wageni namna nyingine ya kuchovya, ambayo badala ya mkate na jibini ni nyama na mafuta ya moto. Na katikati ya miaka ya 1960 akaongeza fondu ya chokoleti. Katika maonyesho makubwa ya dunia ya New York ya mwaka 1964, banda la Uswisi lilikuwa na mkahawa uliowaonjesha Wamarekani fondu. Baada ya hapo ilienea hata majumbani, na vyungu vya fondu vikawa zawadi ya arusi.

Mwaka 1975, katika mji wa Maitland, jimbo la Florida, ulifunguliwa mkahawa uitwao The Melting Pot. Siku za mwanzo ulikuwa na vyakula vitatu tu: fondu ya jibini, fondu ya nyama, na fondu ya chokoleti ya kumalizia. Vitatu tu! Baadaye ulizaa mikahawa mingi katika miji mingine.

Karibu na zama zetu, mjini London, kuna mtu aliyeanza kwa gari tu, akiuza mikate ya kuchoma yenye jibini katika masoko na sherehe. Alipokwisha kuwajua wateja wake, ndipo mwaka 2017 alipofungua mkahawa wa jibini katika soko la Camden, akitumia jibini za Uingereza. Mwaka 2019 akaongeza mwingine, ambamo sahani ndogo za jibini, zimefunikwa kwa vioo, huzunguka juu ya mkanda unaotembea, na mgeni huchukua aipendayo. Gari kwanza, mkahawa baadaye. Hilo ni neno la kushika.

3. Jikoni

Mwanachama anaweza kudhani kuyeyusha jibini ni kazi ya mtoto. Sivyo. Jibini ikipashwa moto kwa pupa, protini zake hukazana na mafuta hujitenga, ukabakiwa na donge gumu linaloelea katika samli. Mpishi wa fondu hupangusa chungu kwa kitunguu thomu, hupasha divai nyeupe, hutia jibini iliyokunwa kidogo kidogo huku akikoroga, na hutia wanga wa mahindi kidogo. Wanga huzuia protini zisishikamane. Ukali wa divai hulegeza kalsiamu inayozifunga protini, zikawa laini na mchuzi ukawa mmoja.

Kwetu sisi Waislamu divai haiingii chunguni, wala hapana haja nayo, maana kinachotakiwa ni ule ukali. Hata Ulaya wako wapikao fondu kwa maji ya matofaa na ndimu. Tena mwenye kununua jibini aulize imegandishwa kwa nini, kwa sababu nyingi hugandishwa kwa kitu kitokacho tumboni mwa ndama, na nyingine kwa kigandisho cha mimea au cha vijidudu.

Si kila jibini huyeyuka. Ile iliyogandishwa kwa ndimu au siki, kama paniri ya Wahindi, huchomwa ikaiva nje bila ya kuyeyuka. Ile iliyokaa sana hukatika vipande. Ndiyo maana watu wa jimbo la Fribourg huchanganya nusu Gruyère iliyokomaa kwa ajili ya ladha, na nusu Vacherin iliyo laini kwa ajili ya ulaini. Na fondu ikiisha, chini ya chungu hubaki ganda jekundu lililokauka. Hilo hugombewa mezani kama watoto wetu wagombeavyo ukoko wa wali.

Kando ya fondu kuna rakleti ya jimbo la Valais. Nusu ya gurudumu la jibini huelekezwa motoni, na uso wake ukiyeyuka hukwanguliwa juu ya sahani ya viazi vya kuchemsha na achari ya matango. Viazi na achari hapo si pambo. Jibini ni nzito, na mtu akila jibini tupu huchoka upesi. Kitu kikali huamsha ulimi, na mkate au kiazi hujaza tumbo kwa bei ndogo. Mwenye mkahawa wa kitu kimoja hupata faida yake hasa katika vile vitu vya pembeni: mkate, viazi, chai. Asiyelifahamu hili hununua jibini ya ghali, huuza jibini ya ghali, na mwisho wa mwezi hana kitu.

4. Hesabu ya ng'ombe watatu

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo ndiyo kiini cha somo.

Chukua mkahawa wa fondu unaolisha watu 30 kila usiku. Kila mtu hula jibini gramu 200. Kwa usiku mmoja ni kilo 6. Ukifungua siku 300 kwa mwaka, ni kilo 1,800, yaani magurudumu 51 hivi ya Gruyère yenye kilo 35. Kila gurudumu ni maziwa litri 400. Jumla ni litri zipatazo 20,400. Ng'ombe mzuri wa maziwa wa huko hutoa kama litri 7,000 kwa mwaka. Basi mkahawa mzima, wenye wapishi na watumishi na taa, hutumia maziwa ya ng'ombe watatu!

Sasa fanya hesabu kama hiyo kwa mkahawa wa kijana wetu. Kilo moja ya karafuu kavu ina punje zipatazo elfu kumi. Tuseme mpishi atumia punje 200 kwa siku, na hizo ni nyingi. Kwa siku 300 ni punje 60,000, yaani kilo 6. Mikarafuu mitatu iliyotunzwa yatosha. Ng'ombe watatu kule, mikarafuu mitatu hapa.

Kwa hiyo mzee wetu alisema kweli: hapana mkahawa utakaomaliza magunia yetu. Anayetaka kufungua mkahawa kwa nia ya kupunguza karafuu ghalani amekosea hesabu. Lakini Waswisi nao waliijua hesabu hii, na bado walitangaza fondu. Kwa nini? Kwa sababu mkahawa ni kama darasa. Watu 30 walioonja usiku mmoja hurudi kwao wakitaka kupika wenyewe, na majumba ndiyo yanayomaliza jibini ya nchi. Gunia hununuliwa na mtu aliyekwisha onja kikombe.

Iko tofauti moja kubwa, nasi hatutaificha. Jibini ni chakula, karafuu ni kiungo. Mtu aweza kula gramu 200 za jibini. Karafuu akizidisha kidogo tu ulimi hufa ganzi, maana zaidi ya sehemu saba katika kumi za mafuta yake ni yujeno, dawa ile ile watumiayo madaktari wa meno. Kwa hiyo mkahawa wa karafuu hauwezi kusimama kwa wingi wa karafuu. Ukisimama, utasimama kwa ustadi wa mpishi na kwa jina la karafuu zenyewe.

5. Habari ya jina

Kuhusu jina, Waswisi walifaulu nusu na kuumia nusu. Emmental ni jina la bonde lao, lakini jibini ya namna hiyo yenye matundu ilianza kutengenezwa katika nchi nyingine kwa jina lile lile, na wao hawakuwahi kulizuia. Mwezi Mei 2023 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg ilikataa kulisajili jina la Emmentaler kuwa alama ya biashara, ikisema limekuwa jina la aina ya jibini tu. Jibini ya Gruyère ilipata hifadhi ya jina kwao Uswisi mwaka 2001. Lakini Marekani, Machi 2023, mahakama ya rufani iliamua kwamba kwa Wamarekani jina hilo nalo ni la aina tu, si la mahali.

Twawaonea huruma, lakini twajifunza. Jina la mahali ni kama mpaka wa shamba: usipoutazama mapema, jirani hupanda migomba yake, na ukienda kwa hakimu baada ya miaka hamsini huulizwa ulikuwa wapi. Jina la karafuu za visiwa vyetu lajulikana. Hulindwa kwa mambo ambayo kila mmoja wetu ayaweza: kuchuma zikiwa zimeiva sawa, kuchambua makonyo yote, kuanika juu ya jamvi safi na si juu ya barabara, na kuzikimbilia mvua ikitanda. Karafuu iliyovunda katika gunia moja huharibu jina la magunia yote.

Na Chama chao cha Jibini kiliishaje? Kilivunjwa mwaka 1999, serikali ilipobadili siasa yake ya kilimo. Kilikuwa kimewapa wakulima amani ya bei kwa miaka mingi, lakini gharama zake zilikuwa kubwa kwa serikali, na kule kupendelea aina chache kuliwafunga mikono mafundi waliotaka kutengeneza aina nyingine. Kilipoondoka, jibini ndogo ndogo za vijiji zilipata nafasi. Basi katika chama kimoja mwaweza kuwa na faida na hasara, na mwanachama mwenye busara huviangalia vyote viwili.

Wazee wetu wanayo yao ya kukumbuka pia. Kwa miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, iliyotia karafuu katika sigara zake ziitwazo kretek. Kisha Indonesia ikapanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikatuangukia. Tulikuwa na matumizi makubwa mamoja, na matumizi hayo yalikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Asemaye kwamba yafaa kutafuta matumizi mapya ya karafuu, hata yakiwa madogo, asichekwe.

6. Karafuu ndani ya jibini

Wengi watashangaa kusikia kwamba karafuu na jibini vimekwisha kutana zamani. Kaskazini ya Uholanzi, katika jimbo la Friesland, hutengenezwa jibini ngumu ya maziwa yaliyopunguzwa mafuta, nayo hutiwa karafuu nzima na bizari nyembamba, ile tuiitayo uzile. Waholanzi huiita jibini ya misumari, kwa kuwa karafuu kwao hupewa jina la msumari kwa umbo lake. Jina lake lilipata hifadhi ya Ulaya mwaka 2000. Mkulima wa huko hana mkarafuu hata mmoja, lakini jibini yake yajulikana kwa karafuu.

Na jikoni mwa Wafaransa, mchuzi mweupe wa maziwa na unga, ambao ukitiwa jibini humwagwa juu ya vyakula vingi vya kuokwa, mara nyingi hutiwa harufu kwa kitunguu kilichochomekwa karafuu mbili tatu. Punje mbili tatu tu; lakini mpishi akizikosa hujua.

7. Shauri letu kwa kijana

Baada ya kupima haya yote, shauri letu ni hili.

Kwanza, asianze na mkahawa. Aanze na meza na jiko, kama yule wa London alivyoanza na gari, mahali wapitapo watu wa mji na wageni.

Pili, asipike vyakula ishirini. Vitatu vyamtosha kama vilivyowatosha wale wa Florida: mathalan chai ya karafuu na tangawizi, pilau, na kitu kimoja kitamu. Kila kimoja kipikwe kiasi ambacho mgeni atasema, "Sijapata kuonja karafuu hivi."

Tatu, akumbuke misimu. Fondu ni chakula cha baridi, na wakati wa joto wateja wake hupungua. Yeye naye ajue miezi ya wageni wengi na miezi ya wageni haba, asiajiri watu wa Julai kwa mauzo ya Aprili.

Nne, kila mgeni aondoke na kifurushi kidogo cha karafuu nzima zilizochaguliwa, chenye maelezo ya kuzipika. Hilo ndilo darasa lenyewe. Na karafuu hizo azipate kwa njia iliyo halali; sheria ya karafuu sote twaijua.

Juu ya mkopo, maoni yetu ni kwamba nusu ya mtaji wa mkahawa ni fedha nyingi kwa jambo lisilojaribiwa, lakini gharama ya meza na jiko si nyingi. Kama Chama kitampa hiyo, kitampa kwa sharti kwamba aandike kila siku amepika nini, ametumia kiasi gani, na wageni wamesema nini, kisha atusomee baada ya mwaka mmoja. Hata akishindwa, tutakuwa na daftari la kujifunzia, na kijana mwingine hataanza gizani.

Neno la mwisho ni la mwanachama mwenyewe. Baba wa kijana huyu alitujia baada ya mkutano ule. Alituambia mwanawe amekusudia kuondoka kisiwani akatafute kazi bara ikiwa jambo hili halitakuwa, na kwamba shamba lake la mikarafuu halina mrithi mwingine. Hakutuomba tumpendelee, nasi hatukumwahidi. Twalitaja kwa idhini yake, kwa sababu twajua si yeye peke yake katika Chama mwenye shamba na mwana wa namna hiyo.

Maswali ya kujadiliana katika matawi

1. Waswisi walichagua fondu kwa sababu gani? Je, kiko chakula chetu kinachoweza kufanya kazi hiyo kwa karafuu?

2. Fanya hesabu: nyumba yako hutumia karafuu kiasi gani kwa mwaka? Linganisha na mavuno ya mti wako mmoja.

3. Chama cha Jibini kiliwapa wakulima bei ya hakika lakini kikapunguza aina. Lipi ungelipendelea, na kwa nini?

4. Je, kijana apewe fedha za meza na jiko, au asipewe? Kila tawi liandike jibu lake pamoja na sababu, na lilipeleke kwa Katibu kabla ya mkutano ujao.